Tulivyomfanyia Sista Nafula

Wiki iliyopita niliwadanganya, na tangu siku hiyo sina raha.

Mlikuja hapa kwangu Kiganjo, nyinyi wanafunzi wa uuguzi, watu saba na daftari zenu, mkaniuliza kazi ilikuwaje miaka ya tisini. Niliwapa chai, nikawachekesha na habari za sindano za vioo tulizokuwa tukizichemsha kwenye sufuria. Halafu yule binti mrefu aliyekaa karibu na mlango akauliza, akiniita nyanya kwa Kikuyu, "Shosho, ni kweli manesi waliwaogopa wagonjwa wa ukimwi?" Nikasema, "Aa, kidogo tu. Hatukuwa na elimu." Mkaandika, mkafunga daftari, mkaenda zenu.

Haikuwa kidogo. Na elimu tulikuwa nayo. Kwa hivyo futeni hayo mliyoandika, mwandike haya.

Nilikuwa nesi miaka thelathini na mmoja, na mingi kati ya hiyo nilikuwa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Thika. Sitaitaja jina, kwa sababu mengi ya niliyoyaona hapo yalifanyika pia kwingine, na sitaki mtu wa kwingine asome aseme, afadhali sisi. Wodi yetu ilikuwa na vitanda ishirini na vinne upande wa mbele. Nyuma kabisa, mkipita vyoo, kulikuwa na chumba kidogo ambacho zamani kiliwekwa mafagio na ndoo. Humo tuliweka vitanda viwili. Mgonjwa akipelekwa huko, hakuna aliyesema ana nini. Faili yake ilichorwa nyota kwa kalamu nyekundu, na sisi tukamwita "yule wa mwisho".

Msinielewe vibaya. Tulikuwa tumefundishwa. Tulikuwa tumekaa kwenye semina ya siku tatu, tukala kuku, tukaambiwa waziwazi kwamba virusi hivi haviambukizwi kwa kikombe, wala kwa shuka, wala kwa kumshika mtu mkono. Tulijibu maswali, tukapewa vyeti. Jumatatu tulirudi wodini, na inchaji wetu, yaani msimamizi wa wodi, Sista Gathoni, akaagiza sahani za chumba cha mwisho zipakwe rangi ya kucha upande wa chini ili zisichanganyike na zingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kuuliza ile semina ilikuwa ya nini. Hasira yangu iko hapo. Mama wa sokoni akiogopa, ninamwelewa. Mimi nilikuwa na cheti ukutani.

Nimeona mgonjwa akitupiwa vidonge kitandani kutoka mlangoni. Nimeona mwanamke wa shamba la mananasi akilala siku mbili kwenye shuka iliyolowa kwa sababu kila zamu iliiachia zamu inayofuata. Mimi mwenyewe nimevaa glavu mbili mbili ili kumpima mtu joto, halafu nikanawa mikono kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka ngozi ikachubuka. Jioni nilikwenda kanisani nikaimba kwaya.

Sasa niwaambie habari za Sista Nafula, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Alitoka Bungoma, akaja Thika akiwa msichana, akabaki. Mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kukwaruza na kicheko kilichosikika mpaka wodi ya wazazi. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa hodari wa mitihani na bure kabisa wa kutafuta mshipa. Nilimchoma mtu mara nne, mara tano, mpaka analia na mimi ninataka kulia. Siku moja wakati wa mapumziko, Nafula aliniketisha, akanifunga bendeji machoni, akanipa mkono wake.

"Tafuta," akasema.

"Sioni kitu, Sista."

"Ndiyo maana nimekufunga. Unatafuta kwa macho kama mtu aliyepoteza shilingi. Mshipa unatafutwa kwa kidole. Ukibonyeza, unarudi, kama chapati iliyoumuka vizuri."

"Chapati haiumuki, Sista."

"Basi ndiyo maana zako ni ngumu."

Nilikaa hapo dakika ishirini nikipapasa mkono wake, wenzangu wakinicheka, mpaka nikaupata. Tangu siku hiyo sikuwahi kusumbuka tena. Hata leo nikimsalimu mtu, kidole changu kinatafuta chenyewe.

Yeye ndiye aliyekuwa nami siku niliyojidunga. Nilikuwa natoa damu ya mgonjwa wa chumba cha mwisho. Nilikuwa nimevaa glavu mbili, vidole havishiki vizuri, na nilitaka kutoka humo upesi. Nilipomaliza nikajaribu kurudisha kifuniko kwenye sindano, nikajichoma kidole gumba. Andikeni hili kwa herufi kubwa: sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Itie moja kwa moja kwenye kopo lake. Nafula alinivuta mpaka kwenye bomba, akafungua maji na sabuni, akashika mkono wangu chini ya maji muda mrefu.

"Yule mgonjwa hajakufanya kitu," akaniambia. "Ni woga wako umekuchoma. Ukimwogopa mtu, mkono unaruka."

Nilingoja miezi mitatu kupimwa. Kila jioni aliniuliza kama nimekula. Kipimo kilitoka safi. Hakumwambia mtu yeyote, hata Gathoni hakujua.

Sasa sikilizeni tulivyomlipa.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini Nafula alianza kukohoa. Alikonda, yunifomu ikaanza kumning'inia. Alifanya kazi akiwa hivyo wiki kadhaa, halafu asubuhi moja akaanguka kwenye korido akiwa amebeba trei ya dawa. Tulimlaza wodini kwetu, kitanda cha tatu karibu na dirisha. Daktari akaagiza damu. Ikatolewa, ikapimwa ukimwi, bila mtu kumuuliza wala kumwambia. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Majibu yalirudi saa nne asubuhi. Kufika saa sita, watu wa jikoni walikuwa wanajua, dereva wa ambulensi anajua, na mlinzi wa getini aliniuliza kama ni kweli.

Mtu pekee ambaye hakujua ni Nafula. Alihamishwa chumba cha mwisho mchana huo huo, akaambiwa kitanda chake kinahitajika. Chakula kilipofika, aliigeuza ile sahani akaangalia chini yake. Yeye ndiye aliyewahi kuzipaka rangi, kwa amri ya Gathoni. Hakuna daktari aliyeketi naye. Sahani ndiyo iliyompa majibu.

Nitawaambia nilichofanya mimi, msidhani ninawasema wengine tu. Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu. Nilibeba sahani ya ugali na kabeji mpaka mlangoni. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nikajiambia ni kwa ajili yake. Niliiweka sahani sakafuni, nikaisukuma ndani kwa kiatu.

Nafula alikuwa ameketi kitandani. Aliitazama sahani, akanitazama.

"Njeri," akasema. "Umenipa chakula kwa mguu."

Nilimjibu kwamba nina haraka, kuna mgonjwa ananingoja. Hakukuwa na mgonjwa. Nilienda chumba cha shuka nikasimama huko, na sikulia. Nilikuwa nimekasirika, na nilimkasirikia yeye, kwa sababu alikuwa amesema.

Kesho yake mama yake alifika kutoka Bungoma. Bibi mwembamba, amevaa kitambaa cha kichwa cha kijani, na amebeba kuku aliyepikwa kwenye kisufuria. Alimkuta binti yake kwenye shuka chafu. Akatoka kwenye korido, akanipata mimi.

"Wewe ndiye Njeri?" akaniuliza. "Yeye anakuandika kwenye barua. Anasema wewe ni mkono wake wa kulia."

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie, mwanangu. Hii si ndiyo hospitali yake? Si hapa amefanya kazi miaka kumi na minne? Sasa mbona amelala kwa mikojo kama mtu ambaye hana mwenyewe?"

Nilikwenda nikachukua beseni, maji ya moto, sabuni na shuka mbili safi. Nilivaa glavu moja moja, kwa sababu ya uchafu, kama ambavyo ningevaa kwa mgonjwa mwingine yeyote. Mimi na mama yake tulimwogesha Nafula kuanzia uso mpaka miguu. Tulipofika mgongoni, nilihisi mbavu zake moja moja. Nikamwambia, "Sista, nisamehe." Akasema, "Maji yamepoa. Ongeza ya moto." Kwa Nafula, hilo lilikuwa jibu.

Halafu akaniambia jambo ambalo wote tulipaswa kuliona. "Njeri, mimi ni nesi. Nimekohoa wiki sita. Ninalowa jasho kila nikilala. Kifua kinauma upande huu mmoja. Hii ni TB. Hiyo nyota nyekundu ni yangu, nimekubali. Lakini TB inatibika. Nipimeni makohozi."

Daktari alipopita na msafara wake, alisimama mlangoni. Ninasema mlangoni, hakuvuka kizingiti. Kifaa cha kusikilizia kifua kilikuwa shingoni mwake na kilibaki hapo. Nafula akamweleza dalili zake kwa utaratibu, kama alivyokuwa akieleza za wagonjwa wengine miaka yote.

"Hayo yote ni ya ule ugonjwa wako, Sista," daktari akasema. "Pumzika tu." Akafunga faili.

Nilichukua makohozi mwenyewe, asubuhi, kwenye kikopo safi. Nilipofika maabara, kijana wa hapo aliona nyota nyekundu kwenye karatasi akaniambia niweke dirishani, kwa nje. Kikopo kilikaa kwenye jua siku mbili. Siku ya tatu mfagiaji alikitupa. Nilipouliza, nikaambiwa, "Yule si ni wa kuenda tu?"

Mtu alikuwa na ugonjwa unaotibika, dawa zake ziko kwenye kabati la hospitali hiyo hiyo, chini ya ngazi, na tulikuwa tunamwacha afe kwa sababu alikuwa na ugonjwa mwingine. Na tulikuwa tumefunga dirisha la kile chumba ili "hewa yake isitoke". Tuliogopa kikombe chake, kisichoweza kutudhuru, huku tukimfungia chumbani na TB, ambayo ndiyo inayosafiri hewani. Hata woga wetu ulikuwa wa kijinga.

Ruiru kulikuwa na mzee mmoja, Bwana Juma, aliyekuwa na maabara ndogo kwenye zahanati karibu na reli. Alikuwa amestaafu kazi ya serikali, Mwislamu mpole, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimjua kwa sababu ndiye aliyetufundisha kuchukua sampuli tukiwa chuoni. Siku yangu ya mapumziko nilichukua makohozi mengine, nikafunga kikopo kwa pamba, nikakitia kwenye mkebe wa majani chai, nikaenda. Nilipofika nilimwambia ukweli wote kabla hajagusa kitu, nikisubiri anifukuze.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Nimekuuliza ukimwi? Umeniletea makohozi, nitapima makohozi." Akavaa glavu, akafungua dirisha nyuma yake, akaanza kazi. Alikuwa na utaratibu kama mtu anayepika pilau: anapaka kwenye kioo, anakausha, anatia rangi, anapasha moto, anaosha, anatia rangi nyingine. Nilikaa kwenye benchi. Baada ya muda mrefu akaniita.

"Njoo uone."

Niliinama kwenye hadubini. Kila mahali palikuwa na buluu, na ndani ya ile buluu vijiti vyekundu vyembamba, vingi.

"Hawa ndio wanaomuua," Bwana Juma akasema. "Na hawa tunawajua. Waliompima huko kwenu walisemaje?"

"Hawakumpima."

Alivua miwani akaisafisha kwa ncha ya kanzu yake. "Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema. "Nimewahi kukosea majibu, Mungu anisamehe. Lakini kukataa kuangalia, hapana." Akaandika matokeo kwa mwandiko mkubwa, akapiga muhuri mara mbili.

Siku iliyofuata nilingoja msafara wa daktari. Aliposimama pale mlangoni pake, nilimpa ile karatasi.

"Hii ni nini?"

"Ni makohozi ya Sista Nafula, daktari. Ni TB."

"Nani aliagiza?"

"Hakuna aliyeagiza. Ndiyo sababu nilienda."

Gathoni alinivuta mkono wa yunifomu. "Njeri, unajua unachofanya? Umepeleka sampuli ya hospitali nje. Na wewe una mtoto mdogo."

"Nina mtoto, ndiyo," nikasema. "Na amechanjwa, na mimi ninanawa mikono. Daktari, dawa ziko. Nani atamwandikia?"

Wanafunzi wa msafara walikuwa wanaangalia sakafu. Daktari alisoma ile karatasi mara mbili. Akaniambia nitaandikiwa barua ya onyo, na nikaandikiwa kweli, ninayo mpaka leo. Lakini akatoa kalamu akaandika dawa. Bado alikuwa amesimama mlangoni.

Nilipasua karatasi tulizobandika kwenye dirisha, nikalifungua. Sindano za kila siku nilimchoma mimi, miezi miwili. Siku ambazo sikuwa zamu nilikuja tu, nikachoma, nikarudi nyumbani. Mama yake alimpikia uji wa wimbi huko nje kwenye jiko la makaa. Wiki ya tatu Nafula alilalamika kwamba uji hauna sukari, na hapo nikajua anapona. Wiki ya sita alisimama. Mwezi wa tatu alitembea mwenyewe mpaka getini, mkojo wake ukiwa na rangi ya chungwa kwa sababu ya vidonge, akisema sasa anaweza kufungua duka la soda.

Ukimwi ulikuwepo bado. Dawa zake wakati huo zilikuwa za watu wa mbali wenye fedha. Lakini alikuwa mzima wa kutosha kufanya kazi, akaja kuripoti akiwa na yunifomu mpya aliyoipunguza. Gathoni akampangia stoo ya shuka. Si wodi, si kliniki. Kukunja shuka, na mlango umefungwa. Nesi aliyeweza kupata mshipa kwenye mkono wa mtoto wa siku mbili.

Alikunja shuka wiki mbili. Halafu akaandika barua ya kuacha kazi, akaenda Ruiru, akapata nafasi kwenye kliniki ndogo huko Kiuu. Bwana Juma ndiye aliyemsemea. Wagonjwa wa kifua walikuwa wakitumwa kwake kutoka mpaka Juja, na aliwauliza kila mmoja kama amekula. Nilikuwa nikienda kumwona siku za mapumziko. Mara moja nilimkuta akimfunga msichana mmoja bendeji machoni.

Alifanya kazi hiyo miaka miwili na kidogo. Halafu mwili ukachoka, mama yake akaja akamchukua. Alifia kwao, juani, nje ya nyumba, mama yake akimchana nywele.

Hospitali ilitoa basi. Tulikuwa zaidi ya thelathini, wote na yunifomu nyeupe zilizopigwa pasi, tukasafiri mpaka Bungoma kumzika mtu ambaye tulikuwa tumekataa kumbadilishia shuka. Sista Gathoni alisoma risala. Akasema Nafula alikuwa nguzo ya wodi. Akasema tutakosa kicheko chake. Akasema, kama ilivyoandikwa siku zile kwenye kila tangazo la kifo, kwamba aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Mama yake alisimama. Hakupaza sauti, na hakuna aliyemwita kuongea. Alisimama tu pale kando ya jeneza na kile kitambaa chake, akangoja Gathoni anyamaze.

"Mwanangu aliugua miaka mitatu," akasema. "Hiyo si muda mfupi. Mimi nilikuwa naye. Ninyi nyote hapa mlikuwa karibu naye. Nataka kujua, hiyo miaka mitatu mlikuwa mnaangalia wapi?"

Alituangalia safu kwa safu. Aliponifikia hakuniruka. Najua nilikuwa nimechoma sindano, nimeenda Ruiru, nimepata barua ya onyo. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na siku ambayo nilisukuma sahani, na mama wa mtu hakufutii deni la siku moja kwa mema ya siku nyingine. Niliinamisha kichwa pamoja na wengine.

Mzee mmoja wa kanisa alianzisha wimbo, wanaume wakashika kamba, na mama yake akakaa chini.